Sauti Yangu Ilipoingia Studio

Video ya kwanza ya kwaya yetu ya Temeke bado ipo mtandaoni, na mie nimo. Nimesimama mstari wa mbele, nimependeza, mdomo wazi kabisa. Lakini sauti yangu haimo. Ndivyo kwaya nyingi zinavyofanya: wachache wanaoaminika wanaingia studio kurekodi, halafu siku ya video tunaitwa wote, tunavaa sare, tunachezesha midomo. Na sare zenyewe nilishona mie, zote! Iliniuma, sitaki kudanganya.

Tatizo langu lilikuwa moja. Naimba sauti ya pili, ile inayopita chini ya wimbo wenyewe, na wale wa sauti ya kwanza wakipaza tu, mie huyo, nishawafuata. Kiongozi wa sauti yetu, dada mmoja mwenye ulimi mkali, alikuwaga ananiambia mbele za watu, "Mama, wewe tushonee tu." Wanacheka. Nami nacheka, ila nikifika nyumbani hata chai haipiti.

Ilipotangazwa kwamba tunarekodi tena, nikamfuata mwalimu wa kwaya. Ni kijana, ananiamkia shikamoo kila tukionana, lakini kwenye muziki hana huruma. Nikamwambia, "Mwalimu, safari hii nataka sauti yangu iingie." Akachukua simu yangu, akaniwekea programu ya kurekodi sauti moja juu ya nyingine, akaimba humo sauti ya kwanza.

"Imba ya pili juu ya hii yangu," akasema, "halafu isikilize yako peke yake. Ukivutwa, utajisikia."

Weee! Mara ya kwanza nilitaka kuitupa simu. Kumbe ndivyo ninavyoimba? Mstari wa kwanza niko sawa, wa pili nishahama. Nikafuta, nikarudia. Iafoni masikioni, miguu kwenye cherehani, naimba. Jirani yangu akipita dirishani anasikia sauti ya pili tupu, bila wimbo wake, anasema, "Shoga, leo umepotea kabisa." Siku moja nikamwambia aingie ndani aimbe wimbo wenyewe kwa nguvu zake zote. Akapaza hadi kuku wakatimka uani. Mie sikuyumba.

Mwalimu akanipima, akaniandika kwenye orodha ya watakaorekodi. Tukaenda studio kule Goba, wanne wa sauti ya pili, yule dada akiwemo, kila mmoja na maiki yake, wa sauti ya kwanza wakiimba pembeni yetu. Tulipomaliza kuimba, prodyuza akakunja uso.

"Kuna mmoja hapa anavutwa na sauti ya kwanza."

Wote wakanigeukia. Nami niliamini ni mie, angekuwa nani mwingine? Prodyuza akasema atafungua sauti moja moja tuzisikie. Akaanza na yangu.

Jamani, ilikuwa imenyooka, mwanzo hadi mwisho. Akafungua ya mwenzangu mmoja, ikawa nzuri, na ya mwingine pia. Ya mwisho ilikuwa ya kiongozi wetu, na ndiyo iliyohama, tena mara mbili. Prodyuza akamvisha hedifoni, akamwekea sauti yangu.

"Mfuate huyu mama," akamwambia.

Akaimba akinifuata mie. Sikumcheka, Mungu ananiona. Lakini nilijivuna, nilijivuna kwelikweli, na hadi leo sijaacha.