Senene wa Mke wa Nuhu

Jamani, mama mkwe amesoma hadithi yangu!

Ile ya mke wa Nuhu. Mumewe yuko kwenye safina siku zote. Yeye amemkaangia senene, wale panzi watamu, anamngoja weee, mwishowe anakasirika na kuwala wote mwenyewe.

Na kwetu Wahaya senene ni wa mume! Halafu mama ni Mkatoliki hasa. Nikajua leo narudishwa kwetu.

Mama akanitazama. Kisha akasema, "Waitu, mwanangu, umemkumbuka mume wako, eeh?"

Nikalia palepale. Mume wangu aliitwa kazini melini wiki ileile ya harusi.

Mama akanipa kopo la senene. "Mwekee. Wakiisha kabla hajarudi, tutasema nimekula mimi."

Mume wangu, ukishuka bandarini Kemondo panda bodaboda moja kwa moja.

Wamebaki nusu.