Sikio la Majvor Mlangoni

Majvor, mshonaji wa mapazia mjini Borås, hatoki nyumbani kabla ya kubandika sikio mlangoni. Akisikia jirani kwenye ngazi, anasubiri apite, asije akalazimika kumsalimu. Aibu hiyo kamwambia mtu mmoja tu: mwanasaikolojia wake.

Ijumaa moja jioni alikuwa anatafuna bisi mbele ya runinga. Kilikuwa kipindi kipya cha vichekesho, cha mwanasaikolojia na wagonjwa wake. Mara akatokea mgonjwa mmoja, koti mwilini, sikio mlangoni, pumzi kaibana. Watazamaji wakaangua kicheko.

Bisi zikamwagika. "Mshenzi yule! Kaniuza!"

Akachomeka miguu kwenye viatu aende kumshukia. Kwa hasira akasahau kusikiliza, akafungua mlango kwa kishindo.

Mlango wa mkabala nao ukafunguka. Jirani yake Torgny, ambaye hawajawahi kusemezana naye, alisimama pale na simu mkononi, uso umemwiva, akifoka: "We daktari gani? Mambo yangu ya mlangoni umewapa watu wa runinga?"

Majvor akapigwa na butwaa. "Hee! Hata wewe?"

Juu yao mlango wa tatu ulibamizwa, na mtu akaanza kushuka ngazi akitukana.