Kichwa cha Kungoja Chakula

Nilianza kuugua kipandauso baada ya mke wangu kuhamia kwa binti yetu, kule mtaa wa Airport. Upande mmoja wa kichwa ulinigonga, mwanga wa mlangoni ukanichoma macho, nikatapika. Muuguzi wa zahanati ya hapa Mishomoroni aliniuliza nakula nini.

"Chai ya rangi asubuhi. Mchana, nikikumbuka."

"Babu, chai si chakula. Kichwa hiki huchokozwa na mambo mengi, na njaa ni mojawapo."

Nilirudi nyumbani polepole. Mke wangu aliugua kichwa hikihiki miaka yote tuliyokaa pamoja. Kwao mke hatangulii kula kabla ya mumewe, kwa hiyo alinifunikia sahani yangu akangoja. Mimi nikitoka bandarini nilikula na wenzangu, tukazungumza, nikarudi nimeshiba. Nikimkuta amelala gizani, amejifunga leso kichwani, nilimwambia, "Umeanza tena kununa." Sijui kama kila mara ilikuwa njaa. Najua tu kwamba sikumwambia hata siku moja, "Kula, usiningoje."

Jioni nilimpigia simu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi, lakini nilipotaja kichwa alinikatiza.

"Umekula?"

"Bado."

"Basi kale kwanza, baba watoto. Mimi huku nimeshakula."

Akakata simu. Nilisonga ugali kidogo, nikaula peke yangu ungali moto.