Gia Tano Kwenye Mchanga wa Temeke

Nilikuwa bombani, ndoo imefika nusu, mtoto mgongoni, nilipoiona baiskeli ya mume wangu ikipita mbele yangu imebeba gunia la mkaa. Juu yake amekaa mwanaume nisiyemjua, anapiga kengele kuku wampishe. Baiskeli ile ilikuwa kwa fundi wiki ya saba. Kila nilipokwenda kuiulizia niliambiwa gia zimekufa, haiwezi kwenda hata hatua kumi. Leo inakwenda, tena na gunia.

Niliiacha ndoo pale pale, bomba linamwaga. Wanawake wa foleni wakapiga kelele, "Mama wee, ndoo yako!" Sikugeuka. Nilivua viatu nikamfuata yule bwana. Kwenye mchanga wa Temeke baiskeli yenye mzigo haina mbio, kwa hiyo tulifika kwenye kibanda cha fundi karibu pamoja. Akashuka, akatoa hela mfukoni, akampa fundi. Ndipo nikaelewa. Mafundi wa kwetu hukodisha baiskeli kwa saa, hilo kila mtu analijua. Lakini hukodisha zao. Huyu alikuwa anakodisha yangu.

"Tunaijaribu, mama," fundi akasema, hata hakusimama. "Baiskeli lazima ijaribiwe na mzigo."

"Wiki saba unaijaribu?"

"Gia za kizungu hizi, shemeji. Hazitaki pupa."

Waliokaa kwenye benchi lake wakacheka. Mie nikainama kuitazama. Baiskeli ile mume wangu aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na alichokipendea ni gia. Nyuma ina visahani vitano vyenye meno, kimoja kikubwa kupita kingine, na chini yake unaning'inia mkono wa chuma unaohamisha mnyororo kutoka sahani hii kwenda ile. Ule mkono ulipinda siku nyingi, mnyororo ukawa unaruka ovyo. Hiyo ndiyo kazi niliyompa fundi. Na alichofanya fundi ni kuufunga mkono kwa waya usicheze, mnyororo ukakaa kwenye sahani moja tu. Basi. Kumbe baiskeli yangu ilikuwa ya gia moja kwa wiki zote hizo, ikibeba mikaa ya watu, na mimi natembea kwa miguu.

Niseme kwa nini kutembea kulikuwa kunanimaliza. Mume wangu ni karani wa reli, wamemhamishia Tabora, mimi nimeachwa nikae na mama yake katika chumba na ua. Kabla ya kuolewa nilikuwa mwalimu. Mtoto alipofika miezi minane niliandika barua kuomba kazi tena, shule moja ya wasichana upande wa Ilala wakanikubali. Kengele ya shule ni saa moja na nusu. Mtoto alikuwa bado ananyonya, siwezi kumwachia bibi yake kungali giza. Basi la asubuhi likipita kwetu limeshajaa, au halijafika. Nikitembea nachelewa. Nilichelewa mara tatu, na mwalimu mkuu, mama wa kizungu asiyepandisha sauti, akanionyesha jina la mwanamke mwingine anayeitaka nafasi yangu. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikiikosa kazi ile, maisha yangu ni ule ua: kupepeta mchele, kusikiliza kikohozi cha mkwe, kungoja barua kutoka Tabora inayoniambia nifanye nini.

"Vua gia zote," nikamwambia fundi. "Ibaki moja, kama ulivyokwisha kuifanya. Leo."

"Siwezi kuiharibu mali ya mwenyewe bila kauli yake."

"Kuikodisha ulipewa kauli na nani?"

Benchi likacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Hakupenda. Nilipoishika baiskeli usukani niondoke nayo, akachukua koleo, akapiga magoti, akakata waya. "Waya ni wangu," akasema. Mnyororo ukalegea ukaanguka kwenye mchanga. Nikaikokota hivyo hivyo mpaka nyumbani, mnyororo unaburuzika kama utumbo.

Kauli ya mwenyewe ninayo, imo kwenye barua. Nilikuwa nimemwandikia mume wangu kwamba kwetu hakuna kilima cha maana, gia tano za nini. Akajibu ukurasa mzima juu ya afya ya mama yake, halafu chini: "Gia usiziguse." Sikumwandikia tena juu ya jambo hilo.

Hela ya kununua gurudumu jipya la gia moja haikuwepo, na hata ingekuwepo isingepitia mikononi mwangu. Nilikuwa na nyundo, spana ya kuazima kwa jirani, na msumari ambao niliusugua ncha kwenye jiwe mpaka ukawa butu. Nikaipindua baiskeli uani, tandiko chini, magurudumu juu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye cherehani yake chini ya upenu, anashona vitambaa vya mito.

"Ndiyo mliyofundishwa huko skuli?" akauliza.

"Hapana, mama. Huko tulifundishwa kuipanda tu."

"Kumpanda mnyama wa chuma! Mwanamke mzima, miguu huku na huku. Mwanangu akija akikuta vyuma vyake vimetawanyika, usinitaje. Mie sikuwepo."

"Upo hapo, mama."

"Sipo."

Kuung'oa ule mkono uliopinda kulikuwa kazi nyepesi, skurubu moja na waya wake wa kwenye usukani. Kazi ilikuwa mnyororo. Ukiondoa mkono, mnyororo unabaki mrefu mno, lazima uukate uufupishe. Pini ya mnyororo unaigonga kwa msumari itoke upande mmoja, na hapo ndipo nilipokosea. Niligonga kwa hasira ya wiki saba. Pini ikatoka yote ikazama mchangani. Kumbe ilitakiwa isukumwe tu, ibaki imeng'ang'ania ukingoni, ili uweze kuirudisha. Nilichekecha mchanga kwa chekeche ya unga mpaka nikaipata, na kuirudisha kulinichukua muda uliobaki kabla ya adhuhuri, mtoto analia, vidole vimechubuka. Mkwe aliichukua chekeche. Aliiosha mara tatu.

Halafu nikachagua sahani. Nilichagua ile ndogo kuliko zote, ya pembeni kabisa, kwa sababu mzungu wa shule niliyosoma, aliyetufundisha kupanda, alisema ndogo ndiyo ya mbio. Nikazungusha pedali kwa mkono. Mnyororo ukaenda mizunguko miwili, ukatoka. Nikaurudisha, ukatoka. Nikaurudisha tena. Nilikuwa karibu kulitupa lile gurudumu kwenye migomba.

Cherehani ikanyamaza.

"Umekaa upogo," mkwe akasema.

"Nini, mama?"

"Huo mkanda wako. Mbele uko huku, nyuma uko kule. Mkanda wa cherehani ukikaa upogo hivyo haumalizi pindo moja, unaruka. Wewe macho yako yanafanya kazi gani?"

Nikachuchumaa nyuma ya baiskeli nikaangalia kama anavyoangalia mtu mstari wa daftari. Kweli. Sahani ya mbele na ile niliyoichagua hazikutazamana. Iliyotazamana na ya mbele ni ya tatu, ya katikati. Nikauhamishia mnyororo pale, na kwa kuwa sahani ile ni kubwa zaidi, nikarudishia sehemu ya kipande nilichokuwa nimekikata. Safari hii pini sikuitoa yote. Gurudumu la nyuma linakaa kwenye mifereji miwili ya chuma, ukilivuta nyuma mnyororo unakaza. Nilivuta kwa mikono miwili, na nilipotafuta mkono wa tatu wa kukaza nati, mkwe alikuwa ameshaishika spana.

"Siipendi kazi hii," akasema, huku anakaza. "Sema tu unafunga vibaya."

Nilitaka kuupaka mnyororo mafuta ya nazi. Akanipiga kofi mkononi. "Mchanga utaganda wote humo, utasaga chuma. Shika haya." Akanipa kichupa cha mafuta ya cherehani, kile asichompa mtu. Akahesabu matone mwenyewe. Halafu akarudi kwenye mito yake, akaniambia kwamba hata hivyo hayupo.

Jumatatu nilifika shule kengele haijapigwa. Gauni nimelibana kwa kanga, mguu nimeuvusha juu ya lile bomba la katikati kama wanaume, kwa sababu baiskeli ni ya kiume na sina nyingine. Njiani niliitwa majina. "Bibi mwalimu, utaanguka uzae!" "Mumeo kafa?" Niliyasikia yote na sikushuka. Mie baada ya miezi ya ule ua, upepo wa usoni peke yake ulitosha kunitoa machozi. Jumanne nilifika pia.

Jumatano jumbe wa mtaa alikuwa amesimama katikati ya njia mbele ya nyumba yake, ameinua fimbo. Nilishuka, kwa adabu.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Fundi amekuja kwangu. Anasema umeichukua baiskeli kwake kwa nguvu, na umeivua vyuma bila idhini ya mwenyewe."

"Alikuwa anaikodisha, jumbe. Waulize watu wa benchi lake."

"Sijakataa. Lakini mali ya mtu hukabidhiwa mwenyewe. Mumeo akirudi atakuja aichukue. Ni kwa usalama wako, mwanangu."

"Jumbe, shule inaanza saa moja na nusu."

"Ulikuwa unaendaje zamani?"

Akaiingiza ndani mwake, akafunga mlango. Nilibaki na mikono mitupu, na kanga imebana gauni kwa safari ambayo haipo. Niliwaza kumrukia. Niliwaza kurudi nyumbani nikalale. Nikatembea. Nilifika kipindi cha kwanza kimekwisha. Mwalimu mkuu alifungua daftari, akaandika, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba siku nyingine ya kuchelewa haitakuwepo. Nikimaliza wiki bila kuchelewa, nibaki. Nikichelewa, nisije.

Mchana sikurudi nyumbani. Nilikwenda mjini kwenye ofisi ya Liwali, mkubwa wa majumbe, maziwa yananiuma kifuani na yameanza kuloanisha nguo. Njiani niliandika malalamiko ishirini kichwani. Kwenye mojawapo fundi alifungwa. Kwenye jingine nilimtaja mpaka mume wangu.

Karani alinitazama kidogo. "Mumeo yuko wapi? Shauri la mke huletwa na mumewe, au kaka."

"Yuko Tabora. Kaka sina."

"Basi sema, niandike." Akavuta karatasi, na kabla sijafungua mdomo akanisogezea kile kibweta cha wino, cha dole gumba, kwa mazoea tu, kama anavyomsogezea kila mwanamke. Nilikisukuma kikarudi upande wake. Nikachukua kalamu iliyokuwa mbele yake. Hakunizuia, nadhani kwa mshangao. Niliandika nimesimama, na hii ndiyo niliyoiwasilisha, neno kwa neno:

"Kwa Bwana Liwali. Mimi ni mwalimu, mkazi wa Temeke. Namlalamikia jumbe wa mtaa wetu. Leo asubuhi alinishusha kwenye baiskeli nikiwa njiani kwenda kazini, akaifungia nyumbani mwake. Hakunipa hati wala hakuniita barazani kunisikiliza. Hakusema nimeiba. Hakusema baiskeli si ya nyumba yetu. Alisema atamkabidhi mume wangu, ambaye yuko Tabora na hajapewa likizo. Naomba jumbe aitwe aonyeshe sheria aliyoitumia. Kama ipo, naomba niisome mwenyewe. Kama haipo, naomba nirudishiwe baiskeli leo kabla ya jua kuzama, si wiki ijayo na si mume wangu akirudi, kwa sababu kesho saa moja na nusu nina darasa, na nikichelewa sina kazi. Nimeandika kwa mkono wangu na nangoja hapa nje mpaka nijibiwe."