Kinyonga wa Kaburini kwa Baba

Kinyonga mwenye pembe mbili puani nimemwona mara chache tangu nirudi Moshi, na kila mara kwa bahati tu. Wa kwanza alikuwa korongoni, chini ya kihamba chetu, shamba la ukoo huko Kibosho, kabla jirani hajafyeka apande parachichi. Mwingine alikuwa kwenye ua wa kando ya mfereji, ambako sasa kuna ukuta wa tofali. Msitu wa zamani umebaki viraka. Kiraka chetu kilikuwa kaburi la baba: masale, mmea wa heshima kwetu, tuliyoyapanda siku ya mazishi, na vichaka vilivyojiotea katikati yake kwa kuwa hakuna aliyethubutu kupeleka panga pale.

Mama anamwogopa kinyonga kuliko nyoka. Nilipomwonyesha, alitema mate pembeni akaingia ndani. Mimi kila Jumapili nilipopanda kutoka kwangu Pasua, mjini, nilianzia kaburini, na sitadanganya, sikwenda kusali.

Desemba kaka alikuja kutoka Dar na vigae vyeupe. Wenzake wote wameshawajengea wazazi wao makaburi, akaona aibu. Nilimwambia pale anaishi mnyama adimu.

"Dada, baba alale kichakani kwa ajili ya kinyonga?"

Mtu anayetaka kumheshimu baba yake unamjibu nini? Krismasi ilikuta kaburi linang'aa na wageni wanalipiga picha. Nilikasirika, lakini nyama nilikula kama wengine.

Masika mama akanipigia simu.

"Njoo umtoe mwenzio. Yuko juu ya vigae, kuku watamdonoa."

Nilimkuta kasimama karibu na kaburi, fimbo mkononi, anafukuza kuku. Kinyonga alikuwa katikati ya weupe ule, mguu mmoja hewani, hana pa kushika. Nilimpandisha kwenye kijiti, nikamuuliza mama nimpeleke wapi, maana mimi sikuona mahali.

Alinyoosha fimbo upande wa kulia wa baba, penye nafasi ambayo ukoo ulimwachia yeye. Fundi hakuwa amepagusa, na masale ya pale yalikuwa bado yamesimama.

"Mweke pale kwangu," alisema. "Na kaka yako mwambie, nikifa asinipigie vigae."

Jioni nilimpigia kaka nikamfikishia. Alicheka, kisha akauliza kama mama anaumwa.