Tausi Niliyemfagia Mombasa

Najua Divine ameshawasimulia, na najua anavyosimulia, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika ufagio wa hewani, mpaka nusu ya shule sasa wananiita Tausi. Basi acheni niandike mwenyewe, maana aibu ni yangu na sitaki mtu aitie chumvi (imeshajaa yake).

Kwanza mjue kwamba naogopa kuongea mbele ya watu, na si kuogopa kidogo. Mwalimu akitaja jina langu darasani masikio yanawaka moto, na jibu ninalolijua vizuri kabisa linashuka tumboni na kukaa huko. Kwenye karatasi niko sawa. Ndiyo maana klabu yetu ya Kiswahili ilipopata safari ya Mombasa, Mwalimu Speciose (alikulia Bukoba, Kiswahili chake hakina mikwaruzo) aliangalia alama za mtihani wa kuandika, akasema, "Keza, wewe ndiye utakayetoa shukrani kule hekaluni." Nikajibu "ndiyo, Mwalimu," kwa sababu kusema hapana kungehitaji maelezo.

Siku mbili nzima kwenye basi kutoka Kigali nilikariri ile hotuba. Ilikuwa sentensi nne. Divine, aliyekaa kiti cha pembeni, aliijua kabla yangu.

Siku ya kwanza ilikuwa ya fukwe. Tulikwenda tatu, moja baada ya nyingine, tukishuka basi na kupanda tena, mchanga mweupe kama unga wa muhogo na maji ya rangi ambayo sina jina lake, na Bosco wetu akanywa bahari kwa makusudi ili ahakikishe kama kweli ina chumvi (maji ya Ziwa Kivu ukiyameza yanakusamehe, haya hayasamehi). Ufukwe wa tatu ulikuwa na chupa na vifuu vya nazi kila mahali, na sisi watoto wa Kigali hatukuweza kuvumilia. Umuganda umetuingia kwenye damu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi mtaa wetu wote wa Kibagabaga uko nje na majembe na mifagio, na anayebaki ndani watu wanadhani anaumwa. Tukaokota mpaka mchanga ukang'aa. Mama mmoja muuza mihogo akatupigia makofi, "Hawa wamelelewa hawa!" Na mimi, niliyejaza gunia zima bila kutoa neno, nikajifunza somo baya sana: kumbe mtu anaweza kuheshimiwa bila kufungua mdomo.

Kesho yake asubuhi tukaenda kwenye mahekalu ya Wahindu. La kwanza lilikuwa dogo, tukazunguka mara moja tukatoka. La pili ndilo lililotualika, liko juu ya mwamba unaotazama bahari, zuri mpaka unajisikia umevaa vibaya, na wenyewe walikuwa wanajiandaa kwa sikukuu ya jioni ile ambayo na sisi tungekula nao. Tukavua viatu chini ya ngazi, tukavipanga (vimenyooka, bila shaka), tukaingia. Marumaru meupe, baridi kwenye nyayo, harufu ya ubani na samli. Mwenyekiti wa hekalu, mzee mwembamba mwenye Kiswahili kitamu cha Mombasa, alieleza mambo mengi ambayo sikuyasikia hata moja, kwa kuwa nilikuwa narudia sentensi ya pili. Mwalimu akaniinamia: "Keza, dakika kumi."

Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Ndio uamuzi wenyewe huo, mdogo hivyo. Chooni sikwenda. Nilitoka kwa mlango wa pembeni, nikatokea barazani nipate hewa, na pale, nyuma ya nguzo, nikakuta sakafuni kumemwagika unga. Mweupe, wa njano, mwekundu, wa bluu, pamoja na punje za mchele na petali za maua. (Najua, najua, nyie mmeshaona tatizo. Lakini mimi nilisimama karibu mno na nguzo imenikinga, nikaona ukingo tu, kama mtu aliyeangusha sinia la viungo akakimbia.) Ukutani kulikuwa na ufagio umeegemezwa. Hakuna mtu. Nikafikiri: nikikutwa nafanya usafi, nani atanivuta kwenda kuhutubia?

Nilifagia vizuri, hilo naomba lijulikane. Kila nikifagia nakuta unga mwingine mbele, nami nasonga, nikishangaa watu walioweza kumwaga kiasi hiki. Rangi ikang'ang'ania sakafu. Kando kulikuwa na ndoo ya maji. Nikamwaga maji.

Weee, mana yanjye, Mungu wangu! Maji yakageuka zambarau, yakashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole kama wageni wasio na haraka, yakielekea kwenye viatu vyetu. Mbele kabisa vilikuwa viatu vyeupe vya Mwalimu, alivyonunua Sonatubes, kule kwetu Kigali, kwa ajili ya safari hii. Nikakimbia kuviokoa, na wakati huohuo mabibi wawili waliokuja kusali wakapanda ngazi peku, wakanisalimu kwa viganja vilivyokutana, nami nikawaitikia hivyohivyo na kiatu cha Mwalimu kwapani, nikabaki nawaangalia wakiingia ndani kwa nyayo za zambarau juu ya marumaru meupe. Hatua. Hatua. Hatua.

Nikarudi mbio barazani. Mwenyekiti naye alikuwa amezifuata zile nyayo mpaka zilikotoka, klabu nzima nyuma yake. Upande wa pili akatokea mama wa sari ya kijani, ameshika birika la chai. Baadaye nilijua anaitwa Mama Hansa. Akasimama ghafla.

"Tausi wangu yuko wapi?"

Akaangaza sakafu nzima.

"Nimemchora kwa unga tangu alfajiri! Mkia peke yake umenila saa mbili nzima! Yuko wapi?"

Nusu yake alikuwa ukutani nilikomsukuma, nusu alikuwa kwenye viatu vya Mwalimu.

Ufagio ulikuwa umeshajificha nyuma ya nguzo (mkono uliuficha wenyewe, sikuutuma). Mwenyekiti akamgeukia mzee mmoja mfupi aliyekuwa anakuja kutoka bustanini, mfanyakazi wa usafi.

"Kazungu! Si nilikwambia baraza hili leo usiliguse?"

"Sikuligusa, mzee. Nilikuwa kwa maua."

"Ufagio wa nani huo unaochungulia nyuma ya nguzo, basi? Nimechoka nawe. Chukua vitu vyako, nenda."

Mzee Kazungu hakubishana. Alitazama mikono yake tu, kama anayeihoji. Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Lakini nilimwona anaanza kuvua aproni, na mdomo wangu ukafunguka, na kwa bahati mbaya ndani yake kulikuwa na Kiswahili cha aina moja tu.

"Waheshimiwa viongozi wa hekalu," nikasema, kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka ufukweni, "kwa niaba ya wanafunzi wenzangu kutoka Kigali, nachukua nafasi hii kutoa shukrani zetu za dhati kwa makaribisho mazuri, na kwa tausi wenu, ambaye... ambaye nimemfagia mimi. Mzee huyu hajafanya kitu. Nilidhani ni uchafu. Asanteni sana."

Kisha nikainama. Divine akapiga makofi, peke yake, mara tatu, akaacha.

"Uchafu?" Mama Hansa akaniuliza taratibu. "Tausi wangu, uchafu?"

"Nilisimama karibu sana, mama."

Mwalimu Speciose akasogea mbele, kiatu kimoja cha zambarau mkononi. "Tusamehe, dada. Kwetu mtoto anafundishwa kufagia kabla hajafundishwa kuuliza."

Mama Hansa akakitazama kile kiatu. Akanitazama. Akaweka birika chini, akakaa kwenye ngazi, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya sari, na mwenyekiti akakohoa, akamwambia Mzee Kazungu mbele yetu sote kwamba amemkosea na avae aproni yake.

Mimi sikuachiwa hivihivi. "Njoo hapa, kaa. Mkia ni wako." Nikachuchumaa mpaka mchana, nikidondosha unga kwa vidole viwili huku Mama Hansa akinipiga kofi dogo la mkono kila nilipokosea. Manyoya yangu yalifanana na ya kuku aliyenyeshewa. Wageni wa jioni waliyapita kwa heshima kubwa, nadhani kwa huruma.

Mzee Kazungu alikuja kuchukua ufagio wake, akaniinamia sikioni.

"Binti, siku nyingine ukitaka kunisaidia kazi, nisaidie kwa kukaa tu."

Naapa, kwa wino kabisa: nikiwa kwa watu, nikaona kitu sakafuni, nitamtafuta mwenyewe kwanza, na nitamuuliza kwa mdomo, kwa sauti ya kusikika, hata masikio yawake vipi.