Kashe Kwenye Shavu Langu

Naandika haraka kabla aibu haijanishika mkono: mimi Furaha, mutoto asiyeweza hata kujibu "présent" darasani bila kutazama viatu vyake, nilisimama mbele ya foleni nzima ya ofisi ya wageni hapa Goma nikiwa na kashe ya kliniki, muhuri wake wa wino, shavuni. Ya buluu. Ya mviringo. Na watu wakasukumana ili waisome.

Yote yalianza na farde, jalada la kutilia karatasi. Mama Inès, muuguzi anayepanga chumba kwenye parsele yetu, kiwanja chetu cha Murara, ni Mrundi, na viza yake ya kazi ilikuwa inaisha siku ile. Ili aongezewe alihitaji barua ya mwajiri: daktari wa kliniki aandike kwamba huyu mama namtambua, kazi ninayo, mushahara nalipa, muache abaki. Bila hiyo angerudishwa kwao, na volkano ndiyo kwanza ilikuwa imelipuka, watu wanarudi kutoka Sake na miguu iliyoungua, barabara ya kaskazini imefungwa na waasi, wauguzi wengine wote wamekimbia. Yeye alibaki. (Mutoto wa dada yangu alizaliwa mikononi mwake, ardhi ikiwa bado inatetemeka.)

Asubuhi daktari akasaini. Sponji ya wino ilikuwa imekauka siku zile za kukimbia, basi akaimwagia wino mupya, akamwaga kwa moyo wote, akapiga kashe kwenye barua, akatia kashe yenyewe mfukoni na kwenda zake bandarini kupanda boti ya Bukavu kutafuta dawa. Mara Mama Inès akaitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa.

"Furaha, mwanangu, nenda uniwekee nafasi kwenye foleni. Barua uitie ndani ya farde."

Farde yenyewe ilikuwa ya mdogo wangu, rangi ya waridi, ina picha ya paka mwenye taji. Mimi, na umri huu, nibebe paka mwenye taji? Nikaiacha kitandani. (Uamuzi mdogo tu, eti.)

Foleni ndefu, jua kali, majivu yanaingia puani, na nani yuko mbele yangu kama si Trésor wa darasa letu, yule ambaye, basi, wenye kuelewa wameelewa. Nikainua barua nikaficha uso. Akigeuka naficha, akikohoa naficha, na jasho liliponizidi nikaibandika kabisa shavuni kama mutu mwenye jino bovu.

Mama Inès alifika mbio, anahema, anacheka: "Wa kiume!" Tukafika dirishani. Muzee wa ofisi akaigeuza barua mbele na nyuma.

"Kashe iko wapi?"

Chini ya saini palikuwa na wingu la buluu tu.

"Barua bila kashe ni karatasi ya kufungia karanga. Mama, rudi kwa mwajiri wako."

"Muzee, mwajiri iko ndani ya boti, na kashe iko mfukoni mwake."

"Basi kesho viza imekufa. Mi nifanye nini?"

Mama Inès hakulia. Alikaza kitambaa chake cha kichwa kwa mikono ile ile iliyompokea mutoto wa dada yangu.

Nyuma yetu mama mmoja anayeuza vioo na vitana sokoni Birere akapaza sauti: "Eh, papa! Kashe haikupotea! Angalia, iko ku shavu ya mutoto!"

Foleni ikalipuka kuliko volkano. Trésor akageuka. Dereva mmoja wa pikipiki akaniuliza, "Weye, bamekuajiri ao bamekuuza?" Nikajifunika, nikaanza kukimbilia geti, halafu nikaiona tena ile mikono. Nikarudi, nikabandika shavu kwenye dirisha, nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo:

"Muzee, soma! Mi njo niliharibu. Yeye hakuharibu kitu!"

"Nisome nini? Maandishi yanaenda kinyume!"

Mama wa Birere akachomoa kioo. Muzee akavaa miwani, akatoka nje, akakishika karibu na uso wangu na kusoma jina la kliniki pole pole, foleni ikimuitikia kama litania kanisani. Kisha akafungua dosye ya Mama Inès, akatoa barua ya mwaka uliopita, akalinganisha saini na saini, kashe na shavu. (Niliambiwa niiname.)

"Kwenye hiki kiti nimepokea barua za kila namna," akasema, "lakini barua yenye miguu, njo ya kwanza."

Na akapiga muhuri wake: pa! Vigelegele! "Na weye usinawe kwanza mpaka shefu asaini!"

Kwa hiyo nilipelekwa ofisi hadi ofisi, shavu mbele, Mama Inès nyuma, na kila mlango ukafunguka. Tukarudi kwa miguu kupitia Birere, pikipiki zinatupigia honi, na mimi, ajabu, sikuangalia viatu vyangu. Nyumbani alipolowesha pamba na spiriti anifute, nilimwambia angoje kidogo.

Shuleni sasa naitwa Mademoiselle Kashe. Trésor ndiye aliyelianzisha jina hilo, na analitamka vizuri sana. Lakini nimeapa: barua ya mutu ikifika tena mikononi mwangu itaingia ndani ya farde, hata paka awe na taji na mabawa. Uso ndio utabaki nje.